Daftari la Mapambo

Enzi zetu, na hapa nasema na ninyi mliosoma wakati kalamu ikivuja wino mfukoni na shati likabaki na doa la buluu mpaka mwisho wa muhula, insha haikuwa somo. Ilikuwa vita. Vijana wa siku hizi huandika "sawa" kwa herufi mbili wakaona wamemaliza mazungumzo. Sisi hatukuthubutu hata kusema tumeamka. Tulirauka, na hatukurauka hivi hivi. Tulirauka alfajiri na mapema, majogoo wakishindana, umande ukimetameta majanini, ndipo tukaanza kutafuta viatu. Kufikia hapo ukurasa wa kwanza umejaa na mtu bado hajatoka nyumbani kwao.

Shule yetu ilikuwa Mghange, huko juu milimani, ambako asubuhi nyingi ukungu ulikuwa mzito hata mlingoti wa bendera hatukuuona na tumesimama chini yake tukiimba. Tulivaa sweta mbili, magoti yamepauka, vidole vimekufa ganzi. Lakini ndani ya insha zetu jua lilichomoza kila siku bila kukosa na kumwaga miale yake ya dhahabu. Bahari nayo hakuna aliyekuwa ameiona, ila mawimbi hatukuyaacha. Nyambu, rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja, aliwahi kuandika kwamba moyo ulimpiga kama mawimbi yapigavyo mwamba, mwalimu akamuuliza mawimbi hayo yana sauti gani. Nyambu akafikiri kidogo. "Kama mashine ya kusaga unga, Mwalimu," akajibu. Tukacheka, lakini kusema kweli kila mmoja wetu alikuwa akijiuliza hivyo hivyo.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mwalimu Righa, mtu mrefu wa sweta ya kahawia, kiangazi na masika ile ile. Kwake insha bila mapambo ilikuwa harusi bila vigelegele. Mapambo ndiyo yale maneno mazuri mazuri ya kubandika kwenye insha, na kila mtoto alikuwa na daftari lake la kuyahifadhi. Langu lilikuwa daftari lililokatwa katikati kwa kisu cha jikoni, nusu nikapewa mimi, nusu dada yangu, nikalivika karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita. Niligawanya kurasa: mapambo ya furaha, ya hofu, ya mandhari, na mwishoni kabisa mapambo ya huzuni. Haya ya huzuni ndiyo yaliyokuwa na soko. Pambo moja zuri la kilio lilibadilishwa kwa mapera mawili makubwa, na kama lina kifo ndani yake, uliongezwa kipande cha muwa. Nyambu, ambaye nyumbani kwao hapakuwa na mpera, alikuwa akiandika insha kavu kavu za furaha tu.

Mlangoni mwa ofisi ya walimu palikuwa na msumari. Kila Ijumaa Mwalimu Righa alichagua insha moja, akaisoma mbele ya shule nzima kwa sauti ya mtu anayekula chakula cha moto, kisha akaitoboa pembeni na kuitungika pale. Insha yako ikitungikwa, wiki hiyo wewe ni mtu. Hata wakubwa wa darasa la nane walikupisha kwenye mfereji wa maji. Mimi, Saru binti ya mkulima, ambaye sikujua kukimbia wala kuimba, sikuwa na kitu kingine cha kunifanya mtu ila msumari ule.

Vitabu vya hadithi vilikaa ndani ya sanduku la mbao ofisini, tukavisoma wanafunzi wanne kwa kitabu kimoja. Kufunua ukurasa ilikuwa ni lazima wanne wote waseme tayari, na Nyambu alikuwa na tabia ya kusoma huku midomo ikicheza, polepole, kama anahesabu maharage. Mimi nikimaliza ukurasa nilibaki kumtunga mwenyewe yule mtu wa hadithi, atafanya nini upande wa pili, mpaka Nyambu aseme tayari. Mara nyingi hadithi yangu ilikuwa tofauti na ya kitabu, na mara nyingine niliona kitabu ndicho kimekosea. Nyuma ya jalada kulikuwa na picha ya mwandishi. Waandishi wote wa sanduku lile walipigwa picha wameshika shavu kwa mkono, wakitazama mbali. Sisi tukaamua kwamba kuandika vitabu kunaleta maumivu ya jino. Hata hivyo nilijizoeza kushika shavu. Mama aliponikuta nimekaa hivyo kwenye ngazi ya jikoni alinitazama akasema, "Kama jino linauma sema, kama haliumi nenda ukachote maji."

Sasa nije kwa nyanya.

Nyanya yetu, mama yake baba, aliishi nyumba ya pili pale pale bomani kwetu. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na kitambaa cha kichwani alikifunga kwa fundo la mbele kama mtu anayejiandaa kwenda kugombana. Kusoma hakujua. Kiswahili alikisikia cha kutosha kununua chumvi Wundanyi na kufuata mahubiri, lakini maneno yake yote ya ndani yalikuwa ya Kidawida. Baba alifanya kazi katika shamba la mkonge kule chini karibu na Voi, akija mwisho wa mwezi na vumbi jekundu kwenye mishono ya viatu. Ndugu yake mdogo, baba mdogo Mwadime, alikuwa Eldoret kwenye kiwanda cha nguo. Mwadime alikuwa kitinda mimba wa nyanya. Aliondoka akisema atarudi Krismasi, na Krismasi tano zikapita, nyanya akichinja jogoo kila mwaka na kutenga paja lake siku mbili, ndipo tugawiwe sisi.

Nilipofika darasa la sita nilipewa kazi ya kumwandikia barua. Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa na baada ya kimanga, ile mihogo na maharage iliyopondwa pamoja mpaka mkono ukachoka. Nyanya alinawa mikono kama ni yeye atakayeandika. Akafukuza kuku, akafunga mlango nusu, akaketi kwenye kigoda, mimi nikaketi kwenye kitanda cha Mwadime, kwa maana kitanda chake kilikuwa bado pale kwenye chumba cha mbele, kimetandikwa, na hakuna aliyelala juu yake. Kisha nyanya akaanza kusema, macho yake ukutani, kana kwamba Mwadime ameegemea pale.

Mwambie mbuzi amezaa mapacha, mmoja ana doa jeupe sikioni. Mwambie ndizi za kule mtoni zimeiva zote kwa pamoja na hakuna wa kuzila. Mwambie mke wa jirani amejifungua msichana. Mwambie bati limetoboka pale juu ya kitanda chake. Mwambie sijambo, goti tu.

Bati hilo alilitaja kila Jumapili. Nami kila Jumapili sikuliandika. Nawaambia ukweli kama ulivyo, sasa nina mvi na sina wa kumdanganya: sikuandika hata mbuzi. Niliona haya kwa niaba yake. Barua ingewezaje kwenda mpaka Eldoret, kusomwa na mtu wa kiwandani, ikizungumzia sikio la mbuzi? Huku yeye anasema mambo ya ndizi, mimi kalamu yangu inaandika kwamba pindi niikamatapo kalamu hii moyo wangu umefurika furaha mfano wa mto wakati wa masika. Akimaliza aliniambia, "Haya, nisomee." Nami niliinua karatasi, nikamsomea kwa Kidawida maneno yake mwenyewe, kutoka kichwani: mbuzi, doa, ndizi, bati, goti. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeandika vizuri," alisema. Sikuwahi kuona kwamba nafanya jambo baya. Niliona nimemvisha nyanya nguo nzuri ya kuendea mjini.

Mara moja tu alinishinda. Siku hiyo mvua ilinyesha tukikaribia mwisho wa barua, tone likaanguka kwenye blanketi karibu na goti langu. Ilibidi tusimame tuvute kitanda mpaka ukutani. Mimi nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, lakini nyanya akasimama nyuma yangu, mkono begani. "Andika hilo la bati sasa hivi, nikikuona." Hakujua kusoma, ila kuhesabu mistari alijua. Nikaandika chini kabisa neno Tanbihi, jinsi tulivyofundishwa, kisha nikatia maneno yake haraka haraka kwa herufi mbaya, nikifunga bahasha kabla mtu mwingine hajaiona. Niliona barua yangu imeharibika.

Majibu ya Mwadime yalikuja kwa sanduku la posta la shule, yakaitwa kwenye mstari wa Ijumaa pamoja na ya watu wengine. Yalikuwa mafupi. Barua nimepokea, kazi ni nyingi, nitakuja Krismasi.

Mwaka uliofuata, nikiwa darasa la saba, Mwalimu Righa alitupa insha ya barua: mwandikie ndugu aliyepotelea mjini, ukimwomba arudi nyumbani. Wenzangu walitoa macho. Mimi nilifungua kurasa za mwisho za daftari langu na nikamwaga ghala lote. Niliandika kwamba naandika kwa mkono unaotetemeka na wino uliochanganyika na machozi. Niliandika kwamba mama yake amebaki mifupa na ngozi, macho hayabanduki njiani, na mauti yanabisha hodi mlangoni kama mgeni asiye na haya. Nikamalizia kwamba akichelewa, atakuta majivu ya matanga yamepoa. Nilipata thelathini na tisa kwa arobaini. Mwalimu aliisoma mbele ya shule, na mpishi wa walimu, mama mtu mzima, akafuta macho kwa aproni. Ikatungikwa msumarini. Jumatatu nilipita pale mara saba.

Jumapili iliyofuata nyanya akanawa mikono, akafukuza kuku. Akasema ya mbuzi, ya maharage kuingia wadudu, ya bati. Nami, Mungu wangu, nilikuwa na insha yangu kichwani neno kwa neno, na nikaona ni hasara kubwa kitu kizuri namna ile kining'inie msumarini tu na kumliza mpishi mmoja. Niliinakili yote. Badala ya jina la kubuni nikatia Mwadime. Nikamsomea nyanya mbuzi na maharage, akaridhika, nikaenda kuitia posta.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, tulikuwa likizo. Nyanya alikuwa uani akipepeta maharage, akiimba wimbo wa kanisani. Mimi nilikuwa nikiosha sufuria. Tukamsikia mtu akija kwenye njia ya mgombani analia, kulia kwa mwanamume, ile sauti inayovunjikia kifuani. Alikuwa Mwadime. Koti jeusi, mfuko begani, na chini ya kwapa bahasha ya karatasi iliyochanika pembeni ikionyesha kitambaa cheupe kipya. Alikuwa ameinunua sanda Voi, aliposhuka kwenye treni. Alipofika kwenye kona ya jiko alimwona mama yake ameshika ungo, mzima, mashavu yake yote mawili yapo.

Sijui nani aliogopa zaidi. Nyanya alidhani Mwadime amefiwa huko alikotoka. "Nani amekufa?" akamuuliza. Mwadime akasema, "Si wewe?"

Ilimbidi atoe barua, akaisoma pale pale uani kwa Kiswahili, akitafsiri polepole, mkono ukimtetemeka kweli, si kwa pambo. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho. Aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimeshika sufuria ile ile tangu mwanzo na maji yamenikauka mikononi. Nilingoja fimbo. Lakini nyanya aliweka ungo chini, akamshika Mwadime uso kwa mikono miwili, akaanza kucheka, akicheka huku machozi yanamtoka, na hapo nikajifunza kwamba machozi ya kweli hayaendi tiriri njia mbili mbili. Yanaingia tu kwenye makunyanzi na kupotelea humo.

Mwadime alikaa siku tatu. Mimi hadi leo nikiulizwa raha ni nini, nasema ni zile siku tatu. Jogoo alichinjwa na paja likapata mwenyewe. Asubuhi ya kwanza Mwadime alipanda juu ya nyumba na nyundo na lami, akaliziba lile bati, nyanya akiwa chini akimwelekeza kwa ufagio kama anaongoza kwaya. Ile sanda nyanya aliikunja akaitia kwenye sanduku lake, akasema kitu kizuri hakitupwi, siku yake itafika. Siku ya kuondoka Mwadime alinishika sikio, si kwa nguvu. "Mwandishi," alisema, na ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita hivyo, "nimeogopa sana. Ukiniita tena kwa machozi namna hii, mimi siji mbio." Alikuwa akicheka. Sote tulicheka. Nyanya hakunigombeza kamwe, ila jioni ile aliniuliza, "Yale maneno uliyatoa wapi?" Nikamwambia, daftarini. Akasema, "Si kweli, lakini yamemleta." Mtoto ukimwambia hivyo umemharibu. Mimi nilisikia ile sehemu ya pili tu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, baridi ikiwa ya kukata masikio, kifua kilimshika nyanya. Tulidhani ni kikohozi cha msimu. Jumapili moja hakutaka kimanga, wala hakuweza kukaa kwenye kigoda. Alilala, kuku wakaingia wakatoka bila wa kuwafukuza. Akaniambia nilete karatasi. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikisimama katikati ya maneno kupumzika.

"Mwambie kitanda chake kiko pakavu."

Nikangoja mengine. Hayakuja. Hakusema anaumwa. Hakusema njoo. Alisema hilo tu, akageukia ukuta, akalala.

Niliingia chumba cha mbele nikaketi kwenye kitanda kile nikaandika, nikilia kweli. Na kwa kuwa nalia kweli, nilitaka maneno makubwa kuliko yote niliyokuwa nayo. Nilifungua daftari. Niliandika mkono unaotetemeka, na ulikuwa unatetemeka. Niliandika wino na machozi, na yalidondokea pale pale. Mifupa na ngozi, macho njiani, mauti mlangoni, kila kitu safari hii kilikuwa kweli, nami nikakisema kwa maneno yale yale ya uongo wa mwaka uliopita. Kitanda sikukitaja. Niliona mtu hawezi kuwa mgonjwa kiasi kile akazungumzia kitanda.

Nyanya alikufa Jumatano ya wiki ya pili. Baba alipiga simu kutoka Voi kwenda kiwandani, na Mwadime akafika usiku wa kuamkia maziko, koti lile lile. Sanda haikununuliwa. Wiki moja baada ya maziko, kwenye mstari wa Ijumaa, mwalimu mkuu aliita jina langu, nikapokea jibu ambalo Mwadime alikuwa amelituma kabla ya kupata simu. Nilikwenda kulisomea nyuma ya choo. Aliandika kwamba amecheka mpaka wenzake wakamuuliza kuna nini. Aliandika kwamba mwandishi wake ameendelea sana, mwalimu asimnyime thelathini na tisa yake, na amsalimie mama, amwambie Krismasi hii kweli nakuja.

Siku ile nilimpa Nyambu daftari la mapambo, bure, bila pera hata moja. Sikumwambia kwa nini. Alipata alama nzuri sana kwenye mtihani, na leo ni mtu mkubwa ofisini, hotuba zake zinapigiwa makofi.

Mimi nilikuja kuwa mwandishi kweli. Vitabu vyangu ni vidogo, vya watoto, vinauzwa katika maduka mawili matatu ya Voi kando ya madaftari na rula. Nikipigwa picha siwezi kushika shavu. Wakati mwingine naitwa shuleni, Mwatate, Marungu, hata Mboghoni kule Taveta, niwafundishe vijana kuandika. Vijana wazuri, wacheshi, wananiita "madam" na kuniuliza kama uandishi unalipa. Majuzi msichana mmoja alinipa insha juu ya nyanya yake. Ilikuwa na mwezi, nyota, hekima ya wahenga, moyo wa dhahabu. Nikamuuliza ameitoa wapi. "Simu imenisaidia, madam. Unaiambia tu, inakuandikia." Kumbe mapambo siku hizi hayahitaji hata mapera. Nikamuuliza nyanya yake hupenda kusema nini. Akafikiri, akacheka, akasema, "Huwa anatuambia tu tusiache mlango wazi, nyani wataingia." Nikamwambia aanzie hapo. Alinitazama kama mimi nilivyomtazama nyanya alipotaja sikio la mbuzi.

Nilikuwa na deni moja nililolibeba miaka mingi, nikalilipa mwaka jana. Baba mdogo Mwadime alistaafu, akarudi, anakaa kwenye nyumba ile ile ya mama yake. Nilipanda kumtembelea. Akatoa mkebe wa biskuti, ndani yake barua zangu, zimefungwa kwa uzi. Nilizisoma moja baada ya nyingine pale kitandani. Moyo umefurika, mto wa masika, miale ya dhahabu. Barua za miaka miwili na zaidi, na nyanya hamo. Nilimtafuta kama mtu anavyotafuta ufunguo mifukoni, nikijua haupo. Nikamwambia Mwadime yote: kwamba sikuandika mbuzi, wala ndizi, wala goti. Na kwamba ile Jumapili ya mwisho hakusema lolote juu ya mauti. Alisema, mwambie kitanda chake kiko pakavu.

Mwadime alizikusanya barua, akazifunga tena kwa uzi.

"Ungeniandikia hivyo," alisema, "ningekuja kwa miguu."

Hakusema kwa hasira. Kisha alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa pochi yake kuukuu, na ndani yake kipande cha karatasi kilichokunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu. Ilikuwa barua ile ya siku ya mvua, imekatwa juu, mapambo yote yametupwa, umebaki mwisho wake tu. Herufi mbaya za mtoto mwenye haraka.

Tanbihi: Nyanya anasema bati limetoboka juu ya kitanda chako. Mvua ikinyesha anakisogeza, ikiisha anakirudisha, ili ukija ukikute mahali pake.

"Zile nyingine ni zako," Mwadime alisema. "Hii ni yake."

Watoto wa siku hizi wana bahati na hawajui. Mfukoni mwao mna kitu kinachoweza kumchukua nyanya akisema kutwa nzima, na kikohozi chake, na kuku wanaoingia, na jina lako akiliita kutoka jikoni. Wao wanakitumia kupiga picha chipsi. Nasi tuliokuwa na karatasi moja na mtu mmoja wa kumsikiliza, tulijaza karatasi ile jua ambalo Mghange halikuwako na bahari tusiyoijua. Ningezitoa insha zangu zote za msumarini, na vitabu vyangu vyote juu yake, nipate Jumapili moja tu na kalamu inayovuja, nyanya amenawa mikono, anatazama ukutani, nami naandika anavyosema: mbuzi amezaa mapacha, ndizi zimeiva, goti linauma kidogo, kitanda chako kiko pakavu.